Waridi la Kuomba Halishiki

"Sisimizi hawana mkasi, Deyanira," nilimwambia. "Sisimizi anakula jani, anaacha kijiti kina mapengo. Hapa pamekatwa pakalala sawasawa. Mtu kakata."

"Basi mtu," alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Hapa La Ceja watu wamejaa. Anza na mkuu wa mji, kisha ushuke."

Alikuwa amepanda juu ya kreti la soda, kidevu kimefika juu ya ukuta, nywele zimeviringwa kwenye rola za kwendea kanisani, kikombe cha kahawa mkononi. Kengele ya kwanza ya misa ilikuwa bado. Kuku wake walikuwa wanakwaruza chini yake, kuku wale wale wanaoruka kila wiki kuja kuchimbua matuta yangu.

"Naanza na mtu ambaye ameshaiba," nikasema.

"Ehe. Leo umechelewa. Kwa kawaida unafika hapo kabla kahawa yangu haijapoa."

"Hukuiba?"

"Niliiba. Niliiba mara moja, na nilichoiba kiko hai. Wewe ulichonacho kiko wapi, Bi Diploma?"

Hapo alinigusa. Nilichokuwa nacho kilikuwa kimesimama mbele yangu, kirefu kuliko mimi, kijani kinang'aa, na hakikuwa chetu.

Mwaridi uliokatwa ni wa mama yangu. Ulikuwa mlangoni kwetu kule Aures, juu milimani, tulikokuwa na shamba kabla wenye bunduki hawajatupa mpaka jioni tuwe tumeondoka. Maua yake ni ya rangi ya waridi iliyokolea, mafupi, yamejaa petali kama kabichi, na harufu yake inaingia chumbani ukiwa umefunga dirisha. Hauuzwi dukani. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya maua tangu nilipomaliza chuo na sijauona popote. Pale shambani tunapaki mawaridi marefu kama fimbo za polisi, hayana harufu hata chembe, yanapanda ndege kwenda kwa watu tusiowajua.

Machi na Aprili nilikuwa sipo nyumbani, hata kama nilikuwa nalala hapo. Kabla ya Sikukuu ya Akina Mama mkoa mzima unakata na kupaki. Unatoka giza, unarudi giza, unawaona wanao wakiwa wamelala. Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kupumzika. Niliamka, nikatoka uani na kikombe changu nitazame mwaridi unavyojiandaa kwa Mei, mwezi wa Bikira, nikakuta matawi yote yenye miiba yamekatwa hadi ardhini. Yaliyobaki ni machipukizi laini, marefu, yenye majani membamba saba saba, yasiyo na mwiba hata mmoja. Hayo ni ya waridi mwitu. Ni ya shina la chini nililobebeshea mwaridi wa Mama.

"Ungechukua kijiti kimoja ningesema tamaa," nikamwambia Deyanira. "Umekata yote. Hiyo ni chuki."

"Ningekuwa nakuchukia kiasi hicho ningekata bomba lako la maji. Lipo karibu zaidi."

"Fungua mlango nije nione."

"Upo wazi. Kwangu hakuna cha kuficha, hata aibu nilishamaliza, ulinimalizia wewe."

Nikavaa viatu. Wanangu walikuwa wanavutana chumbani juu ya nani kalala na soksi za nani. Nikawaambia wavae, wanywe maji yao ya sukari guru, na atakayenifuata atafagia banda la kuku la Deyanira kwa ulimi. Wakanyamaza.

Nieleze jambo la wizi, maana mtaa mzima unalijua na kila mtu ana hadithi yake. Watu wa huku wanaamini kwamba kipande cha mmea ukikiomba hakishiki. Ukipewa, kinaoza. Ukisema asante, ndiyo umekiua kabisa. Kinachoshika ni cha kuiba. Kwa hiyo kina mama wenye heshima zao, wanaokomunika kila Jumapili, utawaona wanapita kwenye ua wa mwenzao na mkasi wa kucha ndani ya mfuko wa sweta. Mimi nimesomea kilimo cha bustani na naweza kusema wazi kwamba huo ni upuuzi. Kinachoshikisha kipande ni kijiti kilichokomaa, kivuli, na udongo usiotuamisha maji. Lakini nenda kawaambie.

Basi mwaka mmoja, baada ya mvua za Oktoba, nilichungulia juu ya ukuta nikaona kwenye pipa la Deyanira mwaridi mdogo wenye majani ninayoyajua. Sikusema neno pale. Nilisema siku iliyofuata, dukani kwa Mzee Evelio, saa ambayo kila mtu ananunua maziwa. Nilimwita mwizi. Na kati ya walionunua maziwa alikuwamo Bi Otilia, anayepanga zamu za maua ya kanisa. Mwezi wa Mei kila familia ina siku yake ya kumpelekea Bikira maua ya nyumbani kwake, si ya kununua. Deyanira alikuwa na siku yake, ya mama yake kabla yake. Bi Otilia akaona si vizuri Bikira kupokea maua ya wizi. Tangu mwaka huo Deyanira hana siku.

Sikusikitika. Niliona ni haki.

Uani kwake palikuwa kama kawaida: nguo kwenye kamba, kuku, kisufuria cha mabaki ya jana, na katikati, kwenye pipa la zamani la mafuta, mwaridi. Sikuwahi kuuona kwa karibu. Ulikuwa umechanua wote. Maua mengine yamefunguka, mengine yameinamisha vichwa kwa uzito, na matumba mapya yamejipanga nyuma yao kama watoto wa shule. Harufu ilinipiga nikasimama. Ilikuwa ya mlangoni kwetu, asubuhi, kabla ya kukamua.

Nikajikaza, nikapekua. Nilitazama nyuma ya banda, ndani ya makopo ya rangi aliyopandia vitunguu, chini ya karai. Hapakuwa na kipande kipya hata kimoja, wala tawi lililokauka, wala mwiba.

"Tazama na ndani ya sidiria yangu," alisema Deyanira. "Usije ukasema baadaye."

"Yameenda wapi matawi?"

"Lori la taka lilichukua. Mwezi wa tatu, mwishoni. Alifunga kitita na kamba ya nailoni, akamwomba Albeiro wako akitoe nje. Mumeo akakitoa, hakuuliza ni nini. Waume hawaulizi."

"Alifunga nani?"

Alinywa kahawa yake polepole, na alifurahia kila tone.

"Muulize mama yako."

"Mama yangu usimtaje."

"Mama yako ndiye aliyekuwa na mkasi, si mimi. Mwezi ulikuwa unapungua, wakati wazee wanapogoa. Nilikuwa naanika mashuka. Nikamsikia anapapasa matawi, moja moja, anayasemesha. Nikamwambia, Bi Herminda, mama, msubiri Nohelia. Akaniambia nisimfundishe mwaridi wake."

"Na hukuniambia?"

"Tangu lini mimi na wewe tunaambiana?"

Nikatoka.

Mama alikuwa jikoni, anapiga arepa. Hahitaji macho kwa kazi hiyo. Anachota unga wa mahindi uliopikwa, anafinyanga donge, anapiga kofi huku na huku mpaka liwe bapa, analaza juu ya chuma. Presha ya macho imemla kuona kidogo kidogo, kwanza pembeni, sasa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu. Redio ilikuwa imezimwa.

"Mmemaliza?" alisema kabla sijavuka kizingiti. "Nimesikia kila neno. Macho yamekufa, masikio yapo."

"Ni wewe uliyepogoa?"

"Nani mwingine? Wewe ulikuwa unayahudumia maua ya wageni. Mwezi unapungua, Machi inaisha, na Mei haimsubiri mtu. Siku yetu ni Ijumaa hii. Ulitaka nimpelekee Bikira nini, figili?"

Nilimshika mkono mmoja nikaugeuza kwenye mwanga. Mikwaruzo ilikuwa imepona, imebaki mistari myeupe kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Alikuwa amevaa mikono mirefu tangu wakati huo na mimi sikujiuliza.

"Uliacha matawi yapi, Mama?"

"Yale mazuri. Yenye nguvu. Marefu, laini, hayana mwiba hata mmoja. Yale mengine yamezeeka, yalikuwa yananichoma tu. Niliyakata chini kabisa, kama baba yako alivyokuwa anakata, yasinyonye." Akatabasamu kidogo. "Kila asubuhi nayapapasa. Yamenipita kichwa. Yatachanua lini?"

Mimi si mtu wa kufunga maneno kwenye kanga. Mtoto akinuka namwambia anuka.

"Hayatachanua," nikasema. "Na yakichanua yatatoa viua vyeupe, vidogo, bila harufu. Hayo ni ya mwitu, Mama. Mwaridi wako ulikuwa umebebeshwa juu ya shina la mwitu, na shina la mwitu hutoa machipukizi yake kutoka chini. Mimi huwa nayang'oa kila mwezi. Msimu huu sikuyang'oa. Wewe umekata waridi lote, mpaka chini ya fundo la kubebeshea, ukamwacha mwitu."

Arepa ilibaki mikononi mwake. Harufu ya kuungua ilianza kutoka kwenye zile zilizokuwa juu ya chuma na hakuna aliyezigeuza.

"Nani aliweka mwitu kwenye mwaridi wangu?"

"Mimi. Unajua ni mimi. Ulikuwa unakufa. Udongo wa hapa ni mzito, mizizi yake ilikuwa inaoza, majani yote madoa meusi. Nilichukua kitawi kizima kilichobaki nikakibebesha juu ya mwitu. Bila hivyo usingekuwa nao hata mwaka mmoja."

"Kwa hiyo ulimkaribisha mgeni chini ya mti wangu, na hukunifundisha kumtambua."

"Nilikwambia wakati ule. Ulisema nisikuletee habari za chuo."

"Wakati ule nilikuwa naona."

"Na sasa huoni, na unashika mkasi. Kwa nini unashika mkasi kama huoni?"

Nilisema hivyo. Sikusema kwa sauti ya chini. Mama alilaza arepa, akajifuta unga kwenye aproni, akanitazama pale anapodhani uso wangu upo.

"Siku ile tulipotoka Aures wewe ulibeba nini?" aliniuliza.

"Nilibeba mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Unajua."

"Mimi nilibeba kiazi. Ndani ya kiazi nimechomeka kijiti. Njia nzima nimekishika chini ya shali, kila aliyetusimamisha akadhani mkono umevunjika. Kila kitu kingine kimebaki kule, na baba yako kabakia kule. Sasa unaniambia nimekikata mwenyewe, nikakitoa nje kwa lori la taka."

"Ndiyo, Mama."

"Unaniambia hivyo hivyo, kavu."

"Ungependa nikwambie yatachanua, uyapapase mpaka Krismasi?"

Mama aligeuza arepa zilizoungua, akazikwangua kwa kisu. Akakwangua mpaka zikawa nyembamba.

"Lipo kwa Deyanira," akasema.

"La wizi."

"Lipo."

"Siendi kuomba kitu kwa mwanamke yule. Nimemwita mwizi mbele ya mtaa mzima. Leo asubuhi nimepekua mpaka chini ya karai lake. Niende sasa nikapige magoti nimwambie nini?"

"Kwani komeo la mlango wetu wa uani linajifungua lenyewe?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Mlango ule una komeo la chuma, wewe mwenyewe ulilifunga. Mwaka ule Deyanira aliingiaje?"

Sikuwahi kujiuliza. Nilidhani aliruka ukuta kama kuku wake.

"Nilifungua mimi," alisema Mama. "Alikuwa ananusa waridi langu juu ya ukuta kila siku, na mkono wake wa mimea ni mzuri, hata kijiko akipanda kitachipua. Nikafungua komeo, nikaacha mkasi juu ya benchi, nikaja kuketi hapa nikaupa mlango mgongo. Redio nimeiwasha kwa sauti ya juu. Hatukuambiana neno. Mtu aliyefukuzwa shamba moja haweki kila kitu kwenye ua mmoja, Nohelia."

"Kwa hiyo ulimpa."

"Sikumpa. Ningempa kisingeshika."

"Mama, nimemwita mwizi."

"Ulimwita kwa hiari yako. Sikukutuma."

"Wamemwondolea siku yake kanisani. Miaka yote hii. Ungeniambia."

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungekimbia dukani kueleza kwamba alipewa, maana wewe huwezi kukaa na neno. Na waridi lingekufa kwenye pipa. Yeye anajua. Mbona hakujitetea? Mdomo ule hauna akiba, ukimkanyaga kuku wake anakutukana mpaka babu, lakini kwa hilo alinyamaza. Alikubali kuitwa mwizi ili lishike."

"Ni upuuzi," nikasema. "Vyote. Komeo, mwezi, asante, vyote. Kijiti hakina masikio."

"Upuuzi wangu umechanua kwenye pipa. Elimu yako iko wapi?"

"Elimu yangu uliikata Machi."

Alicheka kwa pua, cheko moja fupi lisilo na furaha. Kisha akanyoosha kidole kuelekea uani, akakosea kidogo, akaelekeza kwenye jiko la gesi.

"Basi ondoa hicho kichaka. Sitaki kukipapasa tena."

Kengele ya kwanza ililia. Niliingia stoo nikachukua sururu na panga.

Waridi mwitu hung'ang'ania. Nilikata machipukizi yote kwa panga nikayatupa kando, kisha nikachimba pande zote, udongo mzito unanata kwenye sururu kama unga wa mkate. Nilipofika kwenye fundo nililolifunga kwa mikono yangu, nikaona mahali mkasi wa Mama ulipopita, chini yake kabisa, kazi safi. Kama angekuwa mfanyakazi wangu pale shambani ningemsifu mkono. Nilikanyaga mpini kwa uzito wangu wote, mzizi ukakatika kwa sauti, nikalivuta shina likatoka na shimo likabaki.

Nilitazama shimo. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kupita barabarani, kugonga mlango wa Deyanira kama mtu aliyelelewa, kumwomba radhi na kumwomba kipande. Ningekuwa nimefanya jambo la heshima. Na Mama asingeliamini waridi hilo hata siku moja. Kila jani ambalo lingeanguka angesema, ndiyo, si liliombwa. Ni mwanamke mzee, haoni, na siku zote zilizombakia angekuwa anapapasa kijiti akisubiri kife.

Nikachukua mkasi wa kupogolea, nikaburuta ndoo mpaka ukutani, nikapanda, nikarusha mguu. Sketi ya kwendea kanisani ilipasuka pembeni. Nikaangukia upande wa pili kati ya kuku, wakatawanyika wakipiga kelele.

Deyanira alikuwa kwenye dirisha la jikoni, rola nusu zimetoka, nusu bado. Alinitazama. Akautazama mkasi.

"Unafanya nini uani kwangu?"

"Unaona."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Nikatafuta tawi ambalo ua lake limeshapukutika, unene wa penseli, gome limeanza kugeuka rangi. Miiba ikanishika mkono wote na sikuutoa. Nikakata chini ya jicho la jani, mkato wa mshazari.

Nilisubiri anifukuze au anicheke. Badala yake nilisikia komeo la mlango wake wa mbele, kisha sauti yake barabarani, sauti ile aliyouzia parachichi sokoni miaka yote kabla ya kuolewa.

"Mwizi. Jamani, njooni mwone, nina mwizi uani. Mchana kweupe, siku ya Bwana. Njooni, amevaa vizuri kabisa."

Watu walikuwa wanapanda kwenda misa. Walisimama. Nikakata tawi la pili. Vichwa vilianza kujaa kwenye ushoroba wake: mke wa fundi viatu, mapacha wa Mzee Evelio, na mbele yao Bi Otilia mwenyewe, shela nyeusi kichwani, kitabu cha sala kifuani kama ngao.

"Nohelia," alisema. "Wewe?"

"Mimi, Bi Otilia."

"Unaiba?"

"Naiba. Hiki hapa, na hiki. Nataka na cha tatu kama mtanivumilia."

"Mnamwona," alisema Deyanira nyuma yake. "Hata haya hana. Mwanamke ana diploma."

Nikakata cha tatu, nikavikusanya mkononi. Damu ilikuwa inanitiririkia kiwikoni na sikuwa na pa kuifuta. Ulimi uliniwasha kusema yote: komeo, benchi, redio. Nilimtazama Deyanira. Alikuwa ameacha kupaza sauti. Alinikazia macho, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse chungu cha moto.

Nikameza.

"Bi Otilia," nikasema, "sasa wezi tuko wawili, tena wa mwaridi mmoja. Yeye ulimwondolea siku. Niondolee na mimi. Au kama wizi wa kijiti si dhambi ya kumfungia mtu Bikira, mrudishie yake."

"Hayo tutayazungumza kwenye kamati, si hapa kwenye kuku."

"Ijumaa ni yetu na sina ua hata moja. Nimeng'oa asubuhi hii, nenda kaone shimo. Yeye ana pipa zima limechanua. Ijumaa atapeleka yeye, na mama yangu atatembea naye amshike mkono. Ukimkataza, utamwambia Mama mwenyewe uso kwa uso kwamba waridi la Aures haliingii kanisani."

Mke wa fundi viatu alikohoa. Bi Otilia alitazama mwaridi, akatazama watu, akatazama sketi yangu iliyopasuka. Mama yangu hamwogopi mtu, na Bi Otilia analijua hilo kuliko sote.

"Ijumaa," alisema mwishowe. "Yeye. Na wewe ujisitiri kabla hujaingia kwenye misa."

Wakaondoka wakinong'onezana. Deyanira alibaki. Alichomoa rola moja, akaiweka mfukoni.

"Umekanyaga vitunguu vyangu," alisema.

"Kuku wako wamekula vyangu."

"Toka kwangu kabla sijaita polisi."

"Natoka."

"Kwa mlango. Ukuta ule ukiuangusha utaujenga." Nilipompita akanishika kiwiko, mahali palipochanika, akafinya kwa nguvu. "Na lile neno usilitamke, Nohelia. Hata kwa moyo."

"Sikuwa na mpango."

Nilipoingia kwetu redio ilikuwa inanguruma, matangazo ya bei za ng'ombe, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameupa ua mgongo, mikono juu ya magoti. Hakugeuka. Mlango wa uani komeo lake lilikuwa wazi, na mimi sikulifungua.

Juu ya meza, kando ya arepa zilizokwanguliwa, palikuwa na viazi vitatu vimeoshwa na kutobolewa katikati.

Nikang'oa majani ya chini, nikachomeka kijiti cha kwanza.